Mwongozo kamili wa Ouk Chaktrang, sataranji ya Wakhmer: kuanzia kupanga ubao hadi hesabu ya mwisho

Ouk Chaktrang ni sataranji ya Kambodia. Huchezwa kwenye vinyozi, mikahawa na vibaraza, na Mei 2023 ilishindaniwa kwenye Michezo ya 32 ya Asia ya Kusini-Mashariki, Phnom Penh ikiwa mwenyeji. Umri wake ni mkubwa. Katika michongo ya ukutani ya hekalu la Bayon, lililojengwa enzi za mfalme Jayavarman wa Saba kati ya mwisho wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13, wamo watu walioketi na ubao wa mchezo wa namna hii katikati yao. Jirani yake wa karibu ni makruk ya Thailand: kete karibu zote hutembea vilevile, tofauti zikiwa kwenye miruko miwili ya mwanzo na kwenye hesabu ya mwisho.

Anayejua chesi, yaani sataranji ya kimataifa, atashika mienendo ya kete kwa muda mfupi. Kazi kubwa ni kuacha mazoea ya chesi. Katika Ouk hakuna malkia wa kufyeka ubao mzima, hakuna askofu wa masafa, na Tuuk, iendayo kama ngome ya chesi, peke yake ndiyo inayofika mbali kwa mara moja. Halafu mchezo ukikaribia kwisha, mpinzani anaanza kukuhesabia kwa sauti. Ukichelewa, ni sare, hata kama umemwachia mfalme mtupu. Kwa hiyo mchezaji mzuri wa Ouk hujipanga kwanza ndipo ale, na mwongozo huu wote unaelekea huko.

Ubao na kete

Ubao una miraba 64, 8 kwa 8, na yote ni ya rangi moja. Kete hukaa ndani ya mraba, si kwenye makutano ya mistari. Ukitaka kujichongea wako, chukua kipande cha mbao au kadibodi ngumu chenye upana wa sentimita 40, acha ukingo wa sentimita 2 kila upande, kisha gawa sentimita 36 zinazobaki katika sehemu 8 za sentimita 4.5. Usipake rangi mbili za chesi kwa mazoea. Ukijifunza kwenye ubao wa rangi mbili, siku utakapoketi kwenye ubao halisi macho yako yatashindwa kuufuata mshazari.

Kila upande una kete 16: mfalme mmoja (Sdech), Neang mmoja, Koul 2, Ses 2, Tuuk 2 na Trey 8. Neang ni bibi wa mfalme, Ses ni farasi, Tuuk ni mtumbwi na Trey ni samaki.

Seti ya chesi inatosha kabisa. Ngome iwe Tuuk, farasi awe Ses, askofu awe Koul, malkia awe Neang na vitunda viwe Trey. Shida ya seti ya chesi ni moja tu: Trey ikipanda cheo inatakiwa ionekane imebadilika, na kitunda cha chesi hakipinduki. Ndiyo maana Trey nzuri ni kitu bapa chenye sura mbili. Simbi za kauri zinafaa sana, na vizibo vya soda vinafaa pia: vizibo 8 vya rangi moja na 8 vya rangi nyingine, mgongo ukiwa juu ni Trey, tumbo likiwa juu ni Trey iliyopanda.

Kupanga

Tutatumia majina ya miraba kama kwenye chesi: mistari ya wima a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, na safu 1 hadi 8 kutoka kwake kwenda kwa Mweusi.

Mweupe, safu ya 1, kutoka a hadi h: Tuuk, Ses, Koul, Mfalme, Neang, Koul, Ses, Tuuk.
Mweupe, safu ya 3: Trey 8.
Mweusi, safu ya 6: Trey 8.
Mweusi, safu ya 8, kutoka a hadi h: Tuuk, Ses, Koul, Neang, Mfalme, Koul, Ses, Tuuk.

Angalia mambo mawili kabla ya kuanza. Kwanza, kila mchezaji akitazama upande wake anamwona mfalme kushoto na Neang kulia, kwa hiyo mfalme hutazamana na Neang wa adui, si na mfalme mwenzake. Wageni wengi hukosea hapa. Pili, Trey zinakaa safu ya tatu, si ya pili. Safu ya 2 na ya 7 zinabaki wazi, na uwazi huo unaubadilisha mchezo wote: Tuuk inaweza kupanda hatua moja kisha ikateleza ubavuni hadi katikati ya ubao, na farasi ana mahali pa kutua bila kusubiri samaki asogee.

Mweupe ndiye anayeanza.

Kete zinavyokwenda

Mfalme huenda hatua moja upande wowote, na hawezi kuingia mraba unaoshambuliwa. Tuuk huenda kwa kunyooka, mbele, nyuma au ubavuni, miraba mingi itakavyo mradi njia iko wazi. Ses huruka kama farasi wa chesi: miraba miwili kwa kunyooka na mmoja pembeni, bila kujali kilicho katikati.

Neang huenda hatua moja ya mshazari tu, pande nne. Ndivyo alivyokwenda waziri wa sataranji ya kale ya Waajemi na Waarabu, kabla Ulaya haijamgeuza kuwa malkia mwenye nguvu. Kwa sababu ya mwendo huo Neang hufika nusu tu ya miraba ya ubao. Na kwa mpangilio wa mwanzo, Neang wa e1 na Neang wa d8 wanatembea kwenye nusu ileile, kwa hiyo wanaweza kukutana na kulana.

Koul ndiyo kete inayowachanganya watu wa chesi kuliko zote. Ina njia tano za hatua moja: mishazari minne, na moja ya kunyooka mbele. Haiendi ubavuni wala hairudi nyuma kwa kunyooka. Iangalie ikiwa imesimama d3: inalinda c4, d4 na e4 mbele yake, na c2 na e2 nyuma yake. Maana yake Koul iliyo nyuma ya Trey inailinda Trey hiyo na miraba miwili iliyo kandoni mwake kwa mpigo mmoja. Weka Koul nyuma ya samaki wako wa katikati, na adui atahitaji kete mbili au tatu kuuvunja ukuta huo. Ila usiisukume mbele kwa pupa, kwa sababu kurudi kwake ni kwa mshazari tu na kunakula zamu.

Trey husogea hatua moja mbele na hula kwa mshazari wa mbele. Haina hatua mbili za kuanzia. Ikifika safu ya 6 (kwa Mweusi, safu ya 3), iwe kwa kutembea au kwa kula, inapinduliwa papo hapo na kuwa Neang. Huna hiari ya kuchagua kete nyingine. Kutoka pale ilipoanza inahitaji hatua tatu tu. Ila mbele yake imesimama Trey ya adui ileile mstari mmoja, kwa hiyo mara nyingi samaki hupandia njia ya kula pembeni.

Mraba unaopandia nao una uzito. Trey ya Mweupe ikipinduka b6, d6, f6 au h6, huwa Neang wa nusu ileile aliyomo Neang wa kwanza. Ikipinduka a6, c6, e6 au g6, inapata nusu nyingine. Neang wawili wa nusu moja hulindana vizuri wakikaa mshazari mmoja, lakini mfalme wa adui huwakimbia kwa kusimama nusu ya pili. Ukiwa na nafasi ya kuchagua samaki wa kupandisha, tafuta Neang wa nusu usiyo nayo.

Ukimshambulia mfalme unatamka "ouk". Aliyepigwa ouk lazima ajiokoe kwa kusogea, kwa kukinga au kwa kula kete inayomshambulia. Akikosa njia, amekwisha. Asiyepigwa ouk lakini hana kete hata moja ya kusogeza, mchezo ni sare.

Miruko miwili ya Kambodia

Hapa ndipo Ouk inapoachana na makruk.

Mfalme ambaye hajasogea bado anaweza, mara moja tu, kuruka kama Ses kwenda kwenye safu inayofuata: wa Mweupe kutoka d1 hadi b2 au f2, wa Mweusi kutoka e8 hadi c7 au g7. Haruki akiwa amepigwa ouk, wala haruki kwa kula.

Neang ambaye hajasogea anaweza kuruka miraba miwili kunyooka mbele, yaani e1 hadi e3 kwa Mweupe, d8 hadi d6 kwa Mweusi. Naye hali kwa mruko huo. Mwanzoni mraba wa e3 una Trey, kwa hiyo lazima Trey hiyo iondoke kwanza.

Kila mruko unakuokolea zamu moja. Neang kwa mwendo wa kawaida angepita f2 ndipo afike e3. Mfalme naye angehitaji hatua mbili kufika f2 au b2. Zamu moja huonekana ndogo, lakini kete hizi zikiwa nzito hivi, zamu moja ndiyo huamua nani anafika katikati akiwa kamili.

Kuna kifungu ambacho mgeni hakitarajii. Tuuk ya adui ikitua kwenye mstari au safu ya mfalme wako ambaye hajasogea, mfalme anapoteza haki ya kuruka, hata kama kuna kete katikati yao. Tazama jinsi inavyokuja haraka: Tuuk ya Mweusi inapanda a8 hadi a7, zamu inayofuata inateleza a7 hadi d7, na tayari inamlenga mfalme wa d1. Zamu mbili tu. Ukiiona Tuuk ya adui imepanda kwenye safu yake ya pili, amua hapohapo: ruka sasa, au sahau mruko.

Kabla ya kuketi na mtu msiyezoeana, kubalianeni kama miruko inaendelea kuruhusiwa baada ya kete ya kwanza kuliwa. Ugomvi mwingi wa mwanzo wa mchezo hukatwa na swali hilo moja.

Kuanza mchezo bila kupoteza samaki

Kabla hujasogeza chochote, hesabu nani anamlinda nani. Tuuk zinalinda a3 na h3. Ses ya b1 inalinda a3 na c3, ya g1 inalinda f3 na h3. Basi. Trey za b3, d3, e3 na g3 hazina mlinzi hata mmoja. Kwa Mweusi yatima ni b6, d6, e6 na g6.

Anayelijua hilo huwapiga wageni kwa zamu tatu. Ses ya Mweupe inakwenda b1 hadi d2, d2 hadi e4, kisha inakula d6 na kumpiga mfalme wa e8 ouk. Samaki ameliwa bure na mfalme lazima ashughulike. Mweusi naye ana njia hiyohiyo: Ses g8 hadi e7, e7 hadi d5, kisha inakula e3 na kumpiga mfalme wa d1. Dawa yake ni kuuzuia mraba wa katikati mapema. Trey ya e4 inaishambulia d5 na f5, kwa hiyo Ses ya Mweusi haipati pa kutua. Kwa Mweusi, Trey ya d5 inafunga c4 na e4.

Mpangilio tunaomshauri anayeanza akiwa Mweupe ni huu, kwa mfuatano huu:

1. Ses b1 hadi d2. Inalinda b3 na f3, na inaandaa e4.
2. Trey e3 hadi e4. Inafunga d5, na imelindwa na Ses ya d2 pamoja na Trey za d3 na f3.
3. Neang anaruka e1 hadi e3, kabla njia yake haijajaa.
4. Ses g1 hadi e2. Inalinda c3 na g3.
5. Koul c1 hadi c2. Inalinda b3, c3 na d3.
6. Koul f1 hadi f2. Inalinda f3, g3 na Neang wa e3.

Ukifika hapo hakuna Trey yako hata moja iliyo yatima, na mfalme bado anaweza kuruka b2 kama hajalengwa. Bila shaka adui hatakaa akikutazama. Akisukuma d5 na kutaka kubadilishana, kubali tu ukiwa na kete ya kulia tena. Usibadilishe mfuatano wa hatua ya 1 na ya 2 bila sababu, na hatua ya 3 isichelewe, kwani Neang aliyebanwa e1 nyuma ya Ses na Koul hutoka kwa shida.

Kama unaona Tuuk ya adui inakuja kulenga, mruko wa mfalme kwenda f2 una faida ya haraka: akiwa f2 analinda e3 na g3, yaani yatima wawili kwa mpigo. Gharama yake ni kwamba anaizibia Koul ya f1 njia ya kunyooka. Mruko wa b2 unamweka mbali na vurugu lakini unalinda yatima mmoja tu, b3.

Katikati ya mchezo

Thamani za kete kwa makadirio yetu: Trey ni 1, Neang ni 1.5 hadi 2, Koul ni 2.5, Ses ni 3, Tuuk ni 5. Neang wa kwanza usimng'ang'anie. Mtu wa chesi humficha kwa hofu ya kumpoteza malkia, kumbe hapa ni askari wa mstari wa mbele, karibu sawa na samaki aliyepinduka.

Tuuk ndiyo mali. Zitoe kupitia safu ya 2, uzisubirishe kwenye mstari ambao Trey zake zinakaribia kubadilishana, kwa sababu mstari ukifunguka aliyeko pale ndiye anayeingia. Ses mbili zinazolindana zinasumbua kuliko Tuuk iliyofungiwa pembeni. Kwa hiyo wakati ubao umejaa samaki, usikimbilie kutoa Ses mbili kwa Tuuk moja. Samaki wakishapungua, Tuuk hupanda bei na Ses hushuka.

Kosa la kawaida hapa ni kusukuma Trey zote zifikie ukingo wa adui bila Koul nyuma. Trey hairudi. Samaki watatu walioachwa mbele bila mlinzi huliwa mmoja mmoja na Ses, na hapo ndipo mchezo hupotea kimyakimya, bila kosa kubwa la kuonekana.

Hesabu ya mwisho

Sehemu hii ndiyo roho ya Ouk. Zipo hesabu mbili.

Ya kwanza ni hesabu ya ubao. Inapotokea hakuna tena Trey isiyopinduka ubaoni kwa pande zote mbili, na upande dhaifu umebaki na kete zisizozidi 3, mfalme akiwemo, dhaifu anaweza kuanza kuhesabu zamu zake kwa sauti kuanzia 1. Mpinzani akishindwa kummaliza hesabu ikafika mwisho, 63 kwa Kambodia, ni sare. Anayehesabu akiona bahati imemgeukia na anataka kushinda, lazima aache kuhesabu.

Ya pili ni hesabu ya kete, na ndiyo kali. Inaanza pale dhaifu anapobaki na mfalme mtupu. Haianzii 1, bali kwenye idadi ya kete zote zilizobaki ubaoni, wafalme wakiwemo. Mwisho wake hutegemea kete kubwa aliyonayo mwenye nguvu wakati huo:

Tuuk 2: 7
Tuuk 1: 15
Koul 2, bila Tuuk: 21
Ses 2, bila Tuuk wala Koul: 31
Koul 1, bila Tuuk: 43
Ses 1, au Neang peke yao: 63

Mezani kwa Wathai mipaka huwa zaidi kwa moja: 8, 16, 22, 32, 44 na 64. Chagueni mfumo mmoja kabla ya kuanza. Mpaka ukishawekwa haubadiliki: mwenye nguvu akipoteza Tuuk njiani, hapewi mpaka mrefu zaidi.

Sasa fanya hesabu uone ukali wake. Una Tuuk 2 na mfalme dhidi ya mfalme mtupu: kete 4 ubaoni. Hesabu inaanzia 4, mpaka ni 7. Una zamu 3 za kummaliza. Ukiongeza Ses, kete zinakuwa 5 na zamu zinabaki 2! Kete za ziada zinakubana badala ya kukusaidia. Kwa Tuuk moja, kete ni 3 na mpaka 15, yaani zamu 12. Na mfalme akiwa katikati ya ubao, mbali na mfalme wako, kummaliza kwa Tuuk moja kunaweza kuhitaji zamu hadi 16 hata ukicheza bila kosa. Aliyekula kete ya mwisho kwa furaha huku mfalme wake yuko pembeni amejitafutia sare mwenyewe.

Basi kanuni ni hii: kete ya mwisho ya adui iache hai mpaka ukuta wako umesimama. Chukua hali hii. Mweupe ana mfalme g1, Tuuk a7 na Tuuk b1. Mweusi ana mfalme e8 na Neang b2. Tuuk ya a7 imekwisha kumfungia mfalme safu ya 8, hatoki. Hapo Mweupe anakula: Tuuk b1 inakula b2. Kete 4. Mfalme mweusi ana miraba miwili tu, d8 au f8. Aende kokote, Tuuk ya b2 inapanda b8, ouk, amekwisha: safu ya 8 imekatwa na Tuuk moja, ya 7 na nyingine. Zamu moja kati ya tatu. Lakini lau Mweupe angekula kabla ya kupeleka Tuuk a7, angehangaika kumsukuma mfalme huku hesabu inakwisha.

Kwa Tuuk moja, mambo mawili yatangulie kabla ya kula. Mfalme wako awe amekaribia wa adui, na Tuuk iwe imemkatia safu au mstari wa ukingoni. Umbo la kumaliza ulizoee mpaka ulione ukiwa umefumba macho: mfalme mweusi d8, mfalme wako d6, Tuuk inatua a8. Mfalme wako anafunga c7, d7 na e7, Tuuk inafunga safu yote. Hali hii hutokea wafalme wakitazamana na kuna mraba mmoja katikati. Kama ni zamu yako na hawajatazamana, usipige ouk hovyo. Sogeza Tuuk hatua moja ndani ya safu inayokata, umwachie adui alazimike kuja kutazamana nawe.

Neang mmoja na mfalme hawawezi kummaliza mfalme mtupu. Ukiona unaelekea huko, usibadilishe Trey yako ya mwisho.

Na ukiwa dhaifu? Kimbilia katikati ya ubao, hesabu kwa sauti inayosikika, na wala usione haya kutoa kete yako ya mwisho iliwe wakati mfalme wa adui yuko mbali. Ukiwa mtupu mapema dhidi ya Tuuk 2, sare iko karibu kuliko unavyodhani.

Kar Ouk, mchezo mfupi wa mazoezi

Kar Ouk hutumia ubao, kete na miruko ileile, ila wa kwanza kumpiga mwenzake ouk ameshinda. Ni mazoezi bora ya macho, kwa sababu kila zamu inabidi uulize ni mraba gani ungempiga mfalme.

Ule mwendo wa Ses d2, e4 unakuwa hatari maradufu. Ses ikishatua e4, Mweusi akisukuma d5 wakati huo amechelewa: Ses bado inaingia d6, patupu au penye samaki, na f6 pia, na zote zinampiga mfalme wa e8. Kwa hiyo Mweusi ajibu zamu ya kwanza kabisa kwa d6 hadi d5 au f6 hadi f5, ili Ses ikitua e4 iliwe. Akisahau, bado ana zamu moja ya kujiokoa, kwa mfano kwa kuruka na mfalme. Akiruka g7, miraba ya kumpiga inahamia e6, e8, f5 na h5, na kutoka e4 Ses haifiki hata mmoja kwa mruko mmoja.

Ukikosa mwenzako wa kucheza naye, tovuti ya PyChess ina Ouk Chaktrang pamoja na makruk. Cheza Kar Ouk tano kwanza, kisha Ouk kamili, na kwenye Ouk kamili weka karatasi pembeni uandike idadi ya kete zilizobaki kila zinapoliwa, mpaka hesabu ikukae kichwani.